Siki haishikishi rangi kwenye pamba

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Kabale, nashona kwilti za sanaa, yaani picha za vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, kwa vitambaa ninavyotia rangi mwenyewe. Safari hii nimeshona korongo taji amesimama kwenye mafunjo. Nilitumia amerikani nyeupe na rangi ya unga ya pamba, ile ya maji baridi, niliyoagiza Kampala. Kwenye ndoo niliweka vijiko viwili vya bekingi soda na chumvi nyingi, nikaacha saa moja, kisha nikaloweka kitambaa kwenye siki nusu saa ili rangi ishike, kama nilivyoona kwenye video. Juzi nilipoipulizia kwilti maji niipige pasi, wekundu wa kooni ukaingia kwenye shavu jeupe. Mteja anaichukua mwisho wa mwezi. Nikirudia siki na chumvi, itashika?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Haitashika, na tafadhali usiirudishe kwenye siki. Sikulaumu, maana swali hili naulizwa kila ninapofundisha, na kila anayeuliza ameona video ile ile: beseni, kikombe cha siki, kiganja cha chumvi, na mtu anayeapa kwamba sasa rangi haitoki milele. Inaniuma, kwa sababu wanaoharibikiwa ni watu kama wewe, waliokaa wiki nzima wakitafuta wekundu wa koo la korongo.

Rangi hiyo uliyoagiza ni ya ukoo ambao kampuni ya ICI ya Uingereza iliutoa sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Miaka miwili kabla ya hapo wanakemia wake, Rattee na Stephen, waligundua kwamba maji yakiwa na alkali, yaani kitu cha jamii ya soda na magadi, rangi hii inaungana na uzi wa pamba wenyewe. Haiupaki kwa juu, inakuwa sehemu yake. Alkali ndiyo inayofanya kazi hiyo yote. Siki ni asidi. Ukiitia siki mapema, unaiua alkali, na muungano unasimama hapo hapo ulipofika. Yaani ulichokifanya ili rangi ishike ndicho kilichoizuia isishike.

Siki ina kazi yake kwenye sufu na hariri, tena kwa rangi zake maalumu. Uzi wa sufu unatokana na mnyama, pamba inatokana na mmea, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Chumvi nayo inaitoa rangi majini na kuisogeza karibu na uzi. Inaishia hapo. Haiifungi.

Bekingi soda ni dhaifu mno kwa ndoo ya maji baridi. Unachohitaji ni soda ashi, unga mweupe unaouzwa na wenye malighafi za kutengenezea sabuni, gramu 50 hadi 60 kwa lita moja ya maji. Wengine wananiuliza kuhusu magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, au yale ya Ziwa Katwe, Uganda. Ziwa Magadi la Kenya ndiko soda ashi nyingi ya ukanda huu inakotoka, lakini mawe yake huchomwa kwanza kiwandani. Magadi ghafi ni mchanganyiko: leo makali, kesho mapole, na huwezi kupata wekundu ule ule mara mbili.

Halafu kuna baridi ya Kabale. Rangi hii inapenda joto kuanzia nyuzi 21 au 22 kwenda juu. Hapa Entebbe nafunika ndoo jioni, kesho yake jioni naifungua. Kwenu saa moja si kitu. Kitambaa kilicholowa soda na rangi kitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuweke juani mchana na uuzungushie blanketi usiku. Kipe siku nzima, hata zaidi. Na rangi iliyokwisha kuchanganywa na soda usiiweke akiba kwenye chupa, kwa sababu baada ya saa chache imeungana na maji na haina nguvu tena, ingawa kwa macho bado inang'aa.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, sehemu ya rangi huungana na maji badala ya pamba. Hiyo inabaki imekaa kwenye kitambaa kama mgeni, ina wekundu ule ule, ila haijashika popote. Siku ukipulizia maji inatoka. Kwa hiyo kazi kubwa ya fundi wa rangi ni kuosha. Suuza kwanza kwa maji baridi mpaka utelezi wa soda uishe vidoleni, maana soda na chumvi zikibaki zinaing'ang'aniza ile rangi legevu. Kisha maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, na sabuni kidogo. Loweka saa kadhaa, mwaga, rudia. Wekundu wangu huwa unamaliza maji ya moto mara nne au tano. Najua maji na mkaa ni gharama, lakini hakuna njia ya mkato hapa, na anayekuuzia hiyo njia anakuuzia hasara.

Sasa korongo wako. Chukua kipande chekundu kilichobaki, kishone na kipande cheupe, vitie kwenye glasi ya maji ya moto yenye tone la sabuni, uache saa moja. Maji yakipata rangi kidogo huku chekundu kikibaki chekundu, iloweke kwilti nzima kwenye maji mengi ya moto yenye sabuni. Nasema mengi, ili rangi inayotoka ipotelee majini isirudi kwenye weupe. Usiiache ikauke kabla haijaanza kutoa maji safi, na hilo shavu usilipige pasi. Lakini chekundu kikigeuka waridi, na kwa maelezo yako nahofia kitageuka, fumua koo na shavu uweke vipya. Kuitumbukiza kwenye soda sasa hakutaiokoa, rangi italegea na kusambaa kabla ya kushika. Jik usiisogeze kabisa, itakula rangi ya mafunjo na uzi pamoja. Na mteja mwambie leo.

Wengine mnaosoma hili, angalieni pia kitambaa chenyewe. Chomoa nyuzi chache, uzichome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ikijikunja ikawa kishanga kigumu cheusi, humo mna poliesta, na rangi ya pamba haitaingia hata ukiisomea dua. Muuzaji akikwambia ni pamba tupu, mwombe uzi mmoja na kiberiti.

Kinachonitisha kuliko siki ni vifuko visivyo na maandishi vinavyouzwa kama dawa ya kukamata rangi. Mwanafunzi wangu mmoja alikinunua kimoja, akachanganya kwa mikono mitupu akidhani ni soda ashi. Ilikuwa kostiki soda. Alikuja kwangu viganja vimebabuka, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu, na kwa muda mrefu hakuweza kushika sindano. Soda ashi yenyewe inataka glavu. Unga wa rangi nao unataka barakoa, kwa sababu vumbi lake likiingia kifuani linaweza kuanzisha mzio ambao hautaondoka, na nawaona watu wanaupima mezani jikoni, feni inazunguka, watoto wapo. Sufuria ya rangi isirudi kupika ugali. Ukiletewa unga usio na jina wala maelekezo, hata na rafiki, usiufungue ndani ya nyumba.