Tuzo na nafasi za utafiti wa kompyuta: majibu ya maswali yenu

Niko mwaka wa pili. Nikiomba Google Summer of Code siku za mwisho, nina nafasi?

Ndogo sana. Mpango huu wa Google hulipa wanaoanza kuchangia programu huria (zenye msimbo ulio wazi kwa wote) wafanye mradi wa shirika moja. Maandiko ya maombi hupokelewa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, lakini walezi wa miradi huanza kuwapima waombaji mara mashirika yanapotangazwa, Februari. Chagua shirika moja, yakizidi mawili. Pakua msimbo wao, hangaika nao mpaka ufanye kazi kwenye mashine yako (hapa ndipo wengi huishia), rekebisha dosari ndogo, itume ikaguliwe, ujibu kila hoja ya mkaguzi. Ndipo uandike, ukitaja faili utakazozigusa na wiki zako za mitihani. Andiko lililotungwa na akili bandia hujulikana upesi: linasifu mradi bila kutaja hata faili moja. Miradi ni ya saa 90, 175 au 350. Mwenye mafunzo kwa vitendo Julai asiguse ya 350. Posho hutegemea nchi unayoishi, kwa hiyo usipige hesabu kwa kiwango cha Marekani.

Sisomi chuo. Naruhusiwa kuomba Google Summer of Code?

Ndiyo, tangu 2022, ukiwa umetimiza miaka 18 na ni mgeni katika programu huria.

Kuna mtu anataka dola 50 aniandikishe Outreachy.

Usimpe hata senti. Outreachy, mpango wa mafunzo kwa vitendo katika programu huria, haitozi ada. Wao ndio wanaolipa, dola 7,000 kwa miezi mitatu. Anayekutoza ni tapeli, hata akiwa mwalimu wako.

Naomba linki zote za ufadhili.

Ombi hili linakuja kila mara, bila kutaja kiwango cha elimu wala fani. Anayeuliza hivyo hajasoma sharti la tuzo hata moja. Soma moja, kisha uliza.

Mradi wangu wa mwisho ni mfumo wa kusimamia hosteli. Niupeleke kwenye tuzo ya utafiti?

Hapana. Mfumo unaofanya kazi si utafiti mpaka ujibu swali ambalo jibu lake halijulikani. Mfano: chukua modeli ya kutambua sauti iliyofunzwa kwa rekodi za Kiswahili za Common Voice (hazina ya sauti zilizochangwa na watu, ya Mozilla), ijaribu kwa wasemaji wa lahaja za Kimvita na Kiamu, upime asilimia ya maneno inayokosea kwa kila kundi. Usichanganye sauti za msemaji mmoja kwenye mafunzo na kwenye majaribio. Matokeo yatapendeza na yatakuwa ya uongo. Kazi ya namna hiyo inafaa shindano la utafiti la wanafunzi la ACM (chama cha kimataifa cha wanakompyuta), lenye kundi la shahada ya kwanza. Ukifika uzamili, Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika wa akili bandia, ina tuzo ya Alele-Williams. Kwa uzamivu, ya Kambule. Wasimamizi wanaopitisha mfumo wa hosteli kila mwaka wanawanyima wanafunzi wao nafasi hizi.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, anapenda programu.

Aanze lugha ya programu ya C++ sasa. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, shindano la programu la wanafunzi wa sekondari, huchukua wanafunzi wasiozidi wanne kwa nchi, na hufanyika siku mbili za saa tano tano. Kila swali lina vipande vyenye alama zake, basi asiache gumu tupu: achukue kwanza kipande chenye data ndogo.