Barua Zenu: Siku moja ya makumbusho na tamthilia jijini London

SWALI: Shikamoo dada. Nipo mwaka wa kwanza chuoni hapa London. Mwalimu ametuagiza kila mmoja atenge siku nzima, atembelee makumbusho mchana, atazame tamthilia jioni, kisha aandike kurasa nne. Mwezi uliopita nilijaribu. Nilizunguka British Museum saa tano, nikatoka miguu imevimba na kichwani sina kitu. Jioni nikaona bei za tiketi za West End, eneo la kumbi kubwa za tamthilia, nikarudi zangu chumbani. Wenzangu wamemsoma Shakespeare tangu sekondari, mimi Kiingereza chake kinanipita. Nifanyeje ili siku hiyo isinipotee tena?
Mwanafunzi, London

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Miguu hiyo naijua. Mimi pia nilisoma London, na mara yangu ya kwanza mle ndani nilitaka kuona kila kitu kwa sababu kiingilio ni bure na niliogopa sitarudi. Sasa piga hesabu nami. Jumba lile limehifadhi vitu visivyopungua milioni 8, na vilivyo wazi kwa wageni ni kama 80,000. Ukikipa kila kimoja nusu dakika, utahitaji karibu miezi 3 ya kuingia mlango unapofunguliwa na kutoka unapofungwa. Hukushindwa wewe. Umejipa kazi isiyowezekana.

Basi safari hii chagua chumba kimoja. Fika saa nne asubuhi wanapofungua, pita makundi yanayokimbilia Jiwe la Rosetta, shuka ngazi hadi chumba namba 25, cha Afrika. Utakuta mabamba ya shaba ya Benin, ufalme wa zamani katika Nigeria ya leo, yaliyochukuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1897, yamepangwa juu hadi chini. Sikudanganyi, nilisimama pale koo limenikaza. Ukijisikia hivyo usijilazimishe kuondoka haraka. Hisia hiyo ni sehemu ya ulichokwenda kukitazama, na ina haki ya kuingia kwenye kurasa zako nne.

Lakini kilichonishika mimi kilikuwa kiti. Kinaitwa Kiti cha Enzi cha Silaha, kazi ya msanii wa Msumbiji anayejulikana kwa jina la Kester, aliyekitengeneza mwaka 2001. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo viliisha mwaka 1992, bunduki zikabaki zimezikwa na kufichwa kila mahali. Kuanzia mwaka 1995 ukawepo mpango ulioanzishwa na Askofu Dinis Sengulane: leta silaha, upewe jembe, cherehani au baiskeli. Silaha zikakatwakatwa, na vipande vingine vikaishia mikononi mwa wasanii. Kwa mbali unaona kiti cha mikono, cha kawaida kabisa. Ukisogea ndipo unapotambua kwamba mikono ile ni bunduki. Kisha tazama sehemu ya juu ya egemeo. Vile vitako viwili vya bunduki vina matundu ya skrubu na nafasi ya kupitishia mkanda, na ukitulia, matundu hayo yanageuka macho na mdomo. Kiti kinatabasamu. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima na daftari, nikichora vibaya vibaya kwa penseli. Simu niliiacha mfukoni. Hata leo naweza kukueleza skrubu ipi iko wapi, ilhali vyumba nilivyovipiga picha mia vimenitoka kabisa.

Saa sita toka. Usiingie chumba kingine hata kama roho inakuuma.

Halafu tembea. Teremka mpaka Waterloo Bridge, vuka mto Thames, pinda kushoto ufuate ukingo wa mto. Bila haraka ni kama dakika 45, na macho yanahitaji mapumziko hayo. Utafika Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa, ambayo zamani ilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Nako ni bure, na kuna mahali pa kukaa. Hatua chache mbele utaona jengo jeupe la mviringo lenye paa la matete. Hiyo ndiyo Shakespeare's Globe, ukumbi wa tamthilia uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare.

Hapo ndipo lilipo jibu la mfuko wako. Katikati ya jengo kuna uwanja usio na paa ambamo watu 700 husimama, na tiketi ya kusimama ndiyo rahisi kuliko zote. Mwaka 2014 mimi nililipa paundi 5. Sharti ni kusimama kweli: ukiketi chini wakati mchezo unaendelea, mhudumu atakuja kukuinua. Mwavuli ni marufuku, maana utamziba wa nyuma yako, kwa hiyo beba koti la mvua. Vaa viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Milango ikifunguliwa wahi mbele, uegemee jukwaa lenyewe. Mgongo utakushukuru, na jasho la waigizaji utaliona.

Jengo lina kisa chake. La kwanza lilijengwa mwaka 1599 karibu na hapo, likaungua mwaka 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katika mchezo kuwasha paa. Mtu mmoja suruali yake ilishika moto, wakaizima kwa pombe. Hili la sasa lilipiganiwa miaka mingi na mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker. Alifariki mwaka 1993, nalo likafunguliwa mwaka 1997. Hunisikitisha kila nikikumbuka.

Sasa hicho Kiingereza. Usiende bila kuusoma mchezo kwanza, tena usome kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri miwili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mimi nilikuwa na bahati, kwani mwaka ule wa 2014 Globe walikuwa wanaigiza Julius Caesar, na wiki nzima nilikuwa nalala na tafsiri ya Mwalimu kifuani. Basi Antoni, rafiki wa Kaizari, aliposimama juu ya maiti ya Kaizari na kuanza kuonyesha tundu moja moja kwenye joho, hapa pamepita kisu cha huyu, hapa cha yule, sikuhitaji kukamata kila neno. Maana nilikuwa nimekuja nayo. Sisi tuliosimama uwanjani tukageuzwa kuwa umati wa Roma. Mzee mmoja Mwingereza pembeni yangu alipiga kelele pamoja na waigizaji, nami nikajikuta nimepiga. Waliokaa kwenye tiketi za bei ya juu walitutazama tu.

Kama siku yako wanaigiza mchezo ambao hauna tafsiri, soma muhtasari wa kila sehemu kwa Kiingereza cha kawaida, kisha jisimulie kwa sauti kwa Kiswahili, kama unamsimulia mdogo wako. Ukishindwa kusimulia, rudi usome. Na usione haya mbele ya wenzako. Mwaka 2012 jukwaa hilohilo lilipokea tamthilia 37 kwa lugha 37, na kimojawapo, The Merry Wives of Windsor, kilichezwa kwa Kiswahili na kundi kutoka Kenya.

Andika ukurasa wa kwanza usiku uleule, kabla hujavua koti.

SWALI: Dada, mimi nafika London mwezi Januari kwa muhula mmoja tu. Nimesikia Globe haina paa. Ndiyo nimeikosa?
Msomaji

JIBU: Uwanja wa nje hupumzika majira ya baridi, lakini mlangoni kwao kuna ukumbi mwingine wa ndani, Sam Wanamaker Playhouse, uliofunguliwa Januari 2014. Ni mdogo, viti 340 tu, wote wa mbao, na michezo huangazwa kwa mishumaa. Jaribu kupata nafasi ghorofani. Vinara huning'inia kwa kamba. Wahudumu huvishusha, huwasha mshumaa mmoja baada ya mwingine, kisha huvipandisha polepole, na watu wote hunyamaza kabla hata mwigizaji hajafungua mdomo.