Saruji ya mfupa kwenye pengo la taya

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa miaka 27 alikatwa kipande cha taya la chini kwa sababu ya uvimbe wa ameloblastoma. Pengo ni la sentimita 7, limeshikiliwa na bamba la titani. Tumesikia linaweza kuzibwa kwa saruji ya mfupa, asikatwe mfupa wa mguu wa kupandikiza hapo. Je, itadumu? Ataweza kuwekewa meno?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Muulizeni kwanza aliyewaambia alikusudia saruji ipi, maana jina hilo hubeba vitu viwili.

Ipo ya akriliki, jamii moja na ile inayotengenezewa meno bandia. Poda huchanganywa na kimiminika, ikawa donge laini, kisha ikakauka huku ikitoa joto. Joto la donge kubwa laweza kupita nyuzi 70, na mfupa huanza kufa ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja tu. Ndiyo maana tunalipoza kwa maji ya chumvi, au tunaliumba nje ya mwili. Akriliki haigeuki mfupa hata ikae miaka. Kwenye taya, kazi yake ni kushika nafasi ili kovu lisijae pengoni, na ikichanganywa na jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, husaidia kupambana na usaha, hadi siku ya kupandikiza mfupa.

Nyingine ni ya kalisi fosfeti, iliyotokana na kazi ya watafiti Brown na Chow huko Marekani miaka ya 1980. Haichomi, na ikikauka huwa madini yanayokaribiana na ya mfupa wenyewe. Lakini ukiipinda huvunjika kama chaki. Inafaa shimo lenye kuta za mfupa pande zote. Hata hapo, shimo dogo lililoachwa na uvimbe wa maji mara nyingi hujaa lenyewe, na mimi siweki kitu.

Pengo la mdogo wako halina kuta. Taya limekatika, na kila anapotafuna linapinda. Kisha mdomo una mate na bakteria: fizi ikifunguka kidogo tu, saruji huchafuka na huenda ikalazimu kutolewa. Bamba nalo likiachwa peke yake miaka mingi laweza kuchoka na kuvunjika.

Kwa sentimita 7 ningechukua ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi pamoja na mishipa yake ya damu, niiunge na mishipa ya shingoni. Mfupa wa nyonga usio na mishipa tunasita kuutumia pengo likizidi sentimita 6 hivi. Na meno ya skrubu, yale yanayokazwa ndani ya taya, yanataka mfupa hai wa kuyashika. Kwenye akriliki hayashiki.

Mwombeni daktari wake apime mishipa ya miguu mapema, na kama mgonjwa anavuta sigara aache sasa. Wakiamua kuanza na saruji ya akriliki, ulizeni siku hiyohiyo itatolewa lini.