Mtutu Mpya, au Boksi Jingine la Risasi?

SWALI: Mhariri, nina bunduki ya .22 (kipenyo cha risasi ni kama inchi 0.22) aina ya CZ 455, ya bolti, yaani komeo la kuvutwa kwa mkono, kitako cha mbao, na leseni yake ninayo. Nikilala na kuiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, risasi tano kwa mita 50 hutawanyika milimita 35 hadi 45. Wenzangu wa shabaha wananishauri nibadilishe mtutu, kifyatulio na kitako. Mwaka huu mfuko wangu unaruhusu kimoja tu. Nianze na kipi?
*Msomaji, Njoro, Nakuru*

JIBU: Anza na risasi, ambazo barua yako haikuzitaja hata mara moja.

Mwenye bunduki kubwa anaweza kujipimia baruti na kujijazia maganda mpaka yalingane. Wewe wa .22 unapiga kilichotoka kiwandani, basi. Kiwashio chake kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na kisipoenea sawasawa, baruti haiwaki kwa nguvu ile ile kila mara. Risasi ya kawaida ya .22 LR (ndiyo ya bunduki kama yako) ina kichwa chenye uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6, na hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya mita 325 hivi kwa sekunde. Risasi mbili zikitofautiana mita 10 tu kwa sekunde, kwa mita 50 matundu yake yanaachana karibu milimita 8 juu na chini, hata kama mkono wako haukutikisika. Kwa mita 100 tofauti hiyo inapita sentimita 3. Tofauti hiyo hutokea kabla risasi haijauacha mtutu, na hakuna kifyatulio wala kitako kitakachoiondoa.

Kwa hiyo nunua boksi moja moja la aina nne, zote za kasi ya chini ya sauti: kwa mfano CCI Standard, SK Standard Plus, Eley na Lapua, au zile utakazopata kwa muuzaji wako mwenye kibali. Kila boksi lina risasi 50. Piga 20 za kwanza bila kuhesabu. Risasi hizi zimepakwa nta au grisi kwa nje, kila kiwanda na yake, na mtutu hautulii mpaka mabaki ya ile ya zamani yatoke na ya mpya yakae. Wengi huruka hatua hii, kisha huilaumu risasi nzuri bure. Zile 30 zilizobaki zipige katika makundi sita ya tano tano, kila kundi kwenye duara lake. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali kabisa, toa milimita 5.7 ambazo ni upana wa risasi, kisha tafuta wastani wa makundi yote sita. Kundi moja zuri usilipige picha ya kuringia. Kundi la risasi tatu ndilo linalodanganya kuliko yote.

Piga asubuhi. Upepo wa Nakuru huanza kusumbua kadiri jua linavyopanda, na risasi nyepesi kama hii husukumwa kando kwa urahisi. Ukipata aina inayoupenda mtutu wako, soma namba ya toleo kwenye boksi na ununue za kutosha za toleo hilo hilo kwa kiwango ambacho leseni yako inaruhusu. Toleo jingine la jina lile lile linaweza kupiga tofauti.

Karatasi yenyewe pia inasema. Matundu yaliyopangana juu na chini mara nyingi ni kasi isiyolingana. Yaliyotandaa kushoto na kulia ni upepo, au kidole kinachovuta kifyatulio kwa upande. Ukiona mafungu mawili yaliyoachana, matatu hapa na mawili kule, tafuta skrubu iliyolegea.

Na hizo skrubu zikague kabla hata ya kununua risasi, maana hazikugharimu kitu. Hakikisha kwanza bunduki ni tupu: toa magazini, fungua bolti, tazama chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na uiguse kwa kidole. Skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye kitako cha mbao zikazwe sawa kila mara, na nyutonimita 2 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) ni mahali pazuri pa kuanzia. Mbao za kwetu huvimba msimu wa masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo kaza upya majira yanapobadilika. Kisha pitisha noti ya shilingi 50 kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele kurudi nyuma. Ikikwama upande mmoja, mbao inausukuma mtutu. Kwangua hapo kwa msasa kidogo kidogo na upake vanishi, la sivyo mvua itakurudisha ulikoanzia.

Baada ya hapo, darubini. Paralaksi ni ile hali ya msalaba wa darubini kuonekana ukihama juu ya shabaha unaposogeza jicho. Nyingi zilizotengenezewa bunduki kubwa hazina paralaksi kwa umbali wa mita 90 hivi au zaidi, ilhali wewe unapiga 50. Laza bunduki kwenye mfuko bila kuigusa, sogeza kichwa kushoto na kulia, utazame msalaba. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, umepata milimita kadhaa za makosa ambazo mtutu mpya usingekuondolea. Dawa ni darubini ya .22 au yenye gurudumu la kurekebisha umbali.

Ikiwa baada ya haya yote pesa bado ipo, nunua kifyatulio, au springi yake tu. Kifyatulio chepesi hakiboreshi bunduki, kinakuboresha wewe: kizito hukufanya uivute bunduki nzima kabla haijalia. Uzito wa kilo moja hivi unatosha kwa shabaha. Usikate springi iliyopo. Fundi akimaliza, bunduki ikiwa tupu, funga bolti kwa nguvu mara kumi, kisha gonga kitako kwenye mkeka wa mpira. Ikijifyatua hata mara moja, irudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Mtutu uwe wa mwisho. Mitutu ya CZ 455 hubadilishwa kwa kulegeza skrubu, na wepesi huo ndio mtego. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtutu si kipuri cha kuagiza kama cha pikipiki. Zungumza na Bodi ya Leseni za Silaha na muuzaji aliyesajiliwa kabla ya kulipa senti. Na ujue kwamba mtutu wa mashindano una chemba ya kubana: ukiondoa risasi ambayo haijapigwa, kichwa kinaweza kubaki kimenasa na baruti ikamwagika ndani.

Kitako kipya? Kama shavu lako halifikii darubini, funga kipande cha sponji kwa utepe.

SWALI: Nasafisha mtutu wa .22 kila baada ya kupiga, kwa sababu ya unyevu wa ziwa, lakini shabaha inazidi kuharibika. Kwa nini?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Huenda ni fimbo yako. Ukisafisha kutokea mdomoni, chuma cha fimbo hula ukingo wa mdomo wa mtutu, na hapo ndipo risasi inapoguswa mara ya mwisho. Vuta pamba kutoka ndani kwenda nje kuzunguka ukingo huo, na ikinasa nyuzi mahali, pana kidonda. Fundi mwenye leseni anaweza kuukata upya, kazi ndogo kuliko kununua mtutu. Kuanzia sasa toa bolti na uingize fimbo ya kipande kimoja kutokea nyuma. Kutu ya Kisumu hushika zaidi nje na kwenye bolti, kwa hiyo paka mafuta huko. Ndani pitisha kitambaa chenye tone la mafuta, na kikavu kabla ya kupiga. Usiisahau chemba: masizi magumu hujijenga pale ganda linapoishia, na huhitaji brashi ya shaba na kiyeyusho. Osha mikono kwa sabuni kabla ya chakula, kwani mabaki hayo yana madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu.

SWALI: Je, risasi za kasi kubwa zitanisaidia kwa mita 100?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Hapana. Huanza karibu mita 380 kwa sekunde, na kabla ya mita 100 hushuka chini ya kasi ya sauti, kama 345 kwenye joto la mchana. Katika kushuka huko huyumba, na upepo wa kando huzipeleka mbali kuliko zile za polepole. Unachopata ni mwinuko mdogo zaidi wa kulenga na mlio mkubwa zaidi.