Maua ya nyanya kudondoka wakati wa baridi

Ndugu, umeuliza kwa nini nyanya zako kwenye kitalu nyumba ulichojitengenezea zinachanua vizuri kisha maua yanapukutika bila kufunga tunda. Usikimbilie mbolea kwanza. Angalia baridi ya usiku. Joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua (ule unga wa ua unaowezesha tunda kufunga) haifanyi kazi yake sawasawa na ua linaanguka. Ning'iniza kipimajoto katikati ya mimea, usawa wa maua, ukisome alfajiri, maana huo ndio muda wenye baridi kali kuliko yote.

Kinachosaidia sana ni mapipa ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, yapangwe pale jua linapopiga. Mchana maji hunyonya joto, usiku huliachia polepole. Ongeza na tabaka la pili la nailoni kwa ndani, uache nafasi ya hewa kati ya tabaka hizo mbili. Mahali penye barafu nyingi bado utahitaji hita.

Jambo lingine ambalo wengi hulisahau: ndani ya kitalu hakuna upepo wala nyuki wa kusambaza chavua. Tikisa vishada vya maua taratibu kila siku saa za mchana, hewa ikiwa kavu.

Na tafadhali usizibe kila tundu kwa kuogopa baridi! Fungua kidogo adhuhuri unyevu utoke, la sivyo ukungu utakumalizia majani. Maji mwagilia asubuhi, kwenye shina tu.