Maswali ya Gereji: Breketi ya alteneta inayokatika kila ikichomelewa

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya aina ya 2L, inabeba mizigo kati ya Newala na Mtwara mjini. Breketi inayoshika alteneta ilivunjika kwenye sikio la mbele. Imechomelewa mara mbili, na mara zote mbili imekatika tena baada ya wiki chache, pembeni kidogo ya pale palipochomelewa. Nitafute nyingine au hii bado inafaa?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza gari lipumzike. Kwenye injini hiyo, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa) inayolisaidia buster la breki, yaani kifaa kinachofanya pedali iwe nyepesi, na pampu hiyo inalishwa oili ya injini kwa mpira. Alteneta ikilegea, mkanda unateleza, pedali ya breki inakuwa ngumu, na mpira wa oili ukichomoka injini inamwaga oili yake njiani. Kushuka kutoka uwanda wa Makonde ukiwa na mzigo katika hali hiyo ni kujitafutia balaa.

Breketi yako inaweza kufaa. Lakini kabla ya kumpa fundi wa kuchomelea, tafuta kilichoivunja mara ya kwanza, maana hicho kitaivunja hata mpya. Mara nyingi ni nafasi iliyobaki kati ya alteneta na breketi. Bolti ndefu ya chini inapita kwenye masikio ya alteneta na ya breketi. Ndani ya sikio la nyuma la alteneta kuna bushi ya chuma (bomba fupi la kupitisha bolti), iliyotengenezwa iweze kusogea kidogo: unapokaza bolti, bushi inasogea mpaka iguse breketi, nafasi inakwisha, hakuna kinachopinda. Bushi ikishikwa na kutu, na kwa upepo wetu wa chumvi hilo halichukui muda, haisogei tena. Ukikaza bolti, masikio ndiyo yanayovutwa kufunga nafasi. Yanakaa yamepinda, yanatikiswa na dizeli kutwa nzima, mwisho yanaachia.

Pima hivi. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu waya mnene wa nyuma ya alteneta una umeme muda wote. Fungua mipira ya oili na ya vakyumu, ziba midomo kwa kitambaa safi. Shusha alteneta, kisha irudishe kwenye breketi ukiwa umepitisha bolti bila nati. Isogeze mbele na nyuma. Ikicheza kwa milimita 1 au zaidi, chanzo umekipata. Lowanisha bushi kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, kisha igonge irudi nyuma milimita 2 hivi ukitumia soketi ya ukubwa wake. Weka mbao chini ya sikio la alteneta kabla ya kugonga. Ni aluminiamu, na ukilivunja hilo utajuta kuliko breketi. Bushi ikikataa kabisa, ziba nafasi kwa washa ya chuma ya unene unaoingia kwa kubana kidogo. Washa mbili nyembamba zilizopangwa hazifai, zitasagana.

Tazama pia matundu. Tundu lililokuwa la duara likiwa kama yai, bolti itagongagonga humo hata ukaze vipi. Kwa bolti ya milimita 10, fundi wa mashine apanue tundu hadi 14 na kubana bushi ya chuma yenye tundu la 10.

Sasa kuchomelea. Breketi kukatika pembeni ya mshono ni dalili ya chuma cha kumimina kilichochomelewa kwa fimbo za kawaida za kuchomelea mageti. Hakikisha: toboa kidogo mahali pasipo na kazi. Ikitoka unga mweusi, ni chuma cha kumimina. Ikitoka nyuzi zilizojikunja, ni chuma cha kawaida na fimbo za kawaida zinatosha. Kwenye chuma cha kumimina fimbo hizo huacha ukanda mgumu kama kioo kando ya mshono. Wakati mwingine unausikia ukilia “tik” unapopoa, na hapo kazi imeshaharibika.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni fimbo za nikeli za milimita 2.5: saga ufa pande zote mbili uwe umbo la V, toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa usiendelee kutambaa, choma mshono wa sentimita 2 au 3 tu, ugonge taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo ungali moto, subiri mpaka uweze kupagusa kwa mkono, ndipo uendelee. Fundi mwenye haraka hafai kwa kazi hii. Ya pili, ambayo sisi tunaipenda zaidi kwa breketi, ni kuunga kwa fimbo za shaba njano kwa gesi pamoja na boraksi. Pasha breketi nzima, si ufa peke yake, na ukimaliza izike kwenye majivu makavu mpaka kesho yake. Kwa njia zote mbili, mshono wa zamani usagwe wote utoke, na masikio yashikwe na bolti chakavu iliyonyooka ili matundu yasihame. Wala usikubali kuchomelewa breketi ikiwa bado kwenye gari. Umeme huo unaweza kuua daiodi za alteneta.

Kurudisha: weka washa mpya za shaba kwenye bolti za oili. Laza rula ndefu kwenye puli. Mkanda ukienda upande zaidi ya milimita 1, rekebisha. Vuta alteneta kwa kuegemeza mtalimbo karibu na puli, si kwenye pampu ya nyuma. Mkanda ubonyee kama milimita 10 kwa kidole gumba. Kaza bolti ya juu, kwa kawaida ya milimita 8, hadi Nm (newton-mita) 25, kisha ile ndefu ya 10 hadi Nm 45, zote ziwe na alama ya uimara 8.8. Rudia kuzikagua baada ya safari ya kwanza.

SWALI: Bolti ya breketi imekatikia ndani ya bloku. Imebaki chini kabisa, haishikiki. Nifanyeje?
Msomaji, Lindi

JIBU: Piga panchi katikati kabisa, hapo ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kwa bolti ya milimita 8, toboa kwa 3, halafu 5, kisha jaribu kuitoa kwa kitolea bolti. Usilazimishe: kitolea kikivunjika humo, drili ya kawaida haikitoboi. Ikigoma, toboa 6.8 na upitishe tapu (kifaa cha kukata nyuzi za bolti) ya M8 ya 1.25, ukirudisha nusu mzunguko kila unaposonga mbele mzunguko mmoja.

SWALI: Nimebadilisha breketi, nikaipaka rangi vizuri. Sasa taa za mbele zinafifia na betri haijai. Alteneta imekufa?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Rangi. Alteneta nyingi hupata hasi kupitia breketi yenyewe. Kwangua mpaka chuma kionekane pale breketi inapogusa bloku na inapogusa alteneta. Kisha, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, pima kati ya bodi ya alteneta na nguzo hasi ya betri: isizidi volti 0.2. Kwenye betri yenyewe utafute 13.8 hadi 14.4.