Mashine za bustani: maswali yenu

Nyasi mbichi hunasa chini ya mashine yangu ya kukatia. Nikishaizima, kuna ubaya gani kuzitoa kwa mkono?

Upo, na vidole vingi vimeishia hapo hapo. Injini ikizimwa, kisu huendelea kuzunguka. Marekani, tangu 1982, mashine za nyumbani za kusukuma hutakiwa kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mpini. Hesabu moja, mbili, tatu, uone mkono umeshafika wapi.

Wengi wanasubiri kisu kisimame, halafu wanajiona wamemaliza. Kwenye mashine nyingi za petroli kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Ukikisukuma kutoa nyasi, unaizungusha injini, nayo inaweza kuwaka mkono wako ukiwa ndani. Kwa hiyo chomoa waya wa plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, kwanza na uuweke mbali na plagi. Ya betri, toa betri. Ya umeme, chomoa kwenye soketi. Hata baada ya hapo tumia kijiti. Glavu haizuii kisu, na mimi naona ndiyo inayowapa watu ujasiri wasiostahili kuwa nao.

Mwanangu wa miaka 5 anapenda nimpakate nikiendesha mashine ya kukalia. Naenda polepole sana.

Mshushe. Akiteleza, ataangukia karibu na kisu, na mwendo wako wa polepole hautamsaidia. Lakini kinachonitisha zaidi ni siku ambayo hukumpakata. Umeshamfundisha kwamba mlio ule ni mchezo, atakuja mbio akitokea nyuma, nawe unarudi kinyumenyume. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri asiyetimiza miaka 12 asitumie mashine ya kusukuma, na asiyetimiza 16 asiendeshe ya kukalia. Wadogo wawe ndani ya nyumba, kwa sababu hata kokoto ikipigwa na kisu hutoka kama risasi.

Naweza kukata nyasi nimevaa ndala?

Hapana. Viatu vya kufunika, soli isiyoteleza, na miwani ya kinga.

Nikikata tawi, chenso iliruka kunielekea usoni. Mbao ilikuwa laini tu. Ilikuwaje?

Yaelekea ncha iligusa kitu. Sehemu ya juu ya ncha ya lile bapa linalobeba mnyororo, meno yakishika mti ghafla, hurusha bapa juu na nyuma kuliko unavyoweza kulizuia. Angalia nini kiko mbele ya ncha, kidole gumba cha kushoto kizungushwe kwenye mpini wa mbele, usikate juu ya mabega. Kama breki ya mnyororo haifanyi kazi, usiiwashe chenso hiyo.

Kidole kikikatika, kiwekwe kwenye barafu?

Si moja kwa moja. Barafu ikikigusa huua nyama yake. Anza na mtu: bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia kila mara kuchungulia. Kidole kifungwe kwa shashi iliyoloweshwa maji safi, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndipo mfuko uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kiende hospitali pamoja na mwenyewe, hata kama kimepondeka. Kama kinafaa kuunganishwa, ataamua daktari wa upasuaji. Mkifika, ulizieni na chanjo ya pepopunda.